Jina Lililotuliza Moyo

Rasbura, Lindi

Kaka Optatus, shikamoo.

Mikorosho ya Rondo imezaa vizuri, nami nimejifungua salama mtoto wa kiume.

Alipokuwa tumboni, altrasaundi ilionyesha moyo wake unaruka mapigo. Daktari akasema tumrudishe akishazaliwa. Jana akampima tena, bado unaruka. Bibi akasema mtoto anadai jina, na unajua kwetu jina hutoka kwa marehemu. Kipimo kikiwa kifuani pa mtoto, Bibi akaanza kuwataja: babu Lukas, mjomba Valentini, wote. Kwenye skrini moyo ukaendelea kurukaruka.

Mimi kwa kuchoka nikasema, "Angekuwepo Optatus angetuchekesha." Moyo ukatulia, Kaka. Daktari alirudia kupima, akatabasamu, akasema mtoto mzima.

Bibi hakutabasamu. Aliniuliza mara ya mwisho ulipiga simu lini.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nimempa dereva anayekuja huko machimboni Tunduru. Mtoto sijampa jina. Leo asubuhi Bibi alitandika mkeka wa matanga uani, nami nikaukunja.

Nimekuamkia hapo juu. Niitikie, Kaka.

Mdogo wako,
Dativa