Wadudu Uliowaacha Chini ya Chandarua

Papa Déo,

Koti lako jeupe bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango wa maabara. Nimeshindwa kulitoa. Kila asubuhi nikiingia nafungua mdomo nikusalimie, halafu nakumbuka. Tulikuwa wawili tu katika chumba kile.

Kuna jambo sikuweza kulisema kwenye kilio chako. Siku ile nilibeba sahani za watu kutwa nzima, ili tu nisikutane macho na mke wako.

Unakumbuka tope la Kavumu? Tulilichota pamoja kijitoni, chini ya mashamba ya nyanya, pale Maman Zawadi na wenzake wanaposuuzia pampu za dawa ya wadudu. Uliteleza ukakaa majini na suruali yako ya misa, nikacheka mpaka nikaangusha ndoo. Tukawatia funza wekundu, wale wanaokulia topeni kabla ya kuota mabawa, katika bocal, zile chupa za kioo, zenye tope lile. Wengine tukawaweka katika tope safi la juu, karibu na msitu. Siku ya kumi wote walikuwa hai, wanajikunja. Nikaandika kwamba tope halina shida. Wewe ukakataa.

"Ngoja kwanza, mutoto wangu. Mududu kama haiyaruka, usiseme iko muzima."

Mimi na haraka yangu! Directeur, mkubwa wetu wa kazi, alitaka ripoti, nikamwaga bocal. Ulisaini kwa sababu nilikubembeleza. Tukaenda kuwaambia wale wamama waendelee tu kusuuza pampu pale. Njiani ukanitania kwamba haraka haraka haina baraka, na mimi nikanuna mpaka Bukavu.

Wiki moja baada ya kukuzika niliingia stoo kutafuta ufagio. Nyuma ya magunia nikakuta bocal sita zimefunikwa chandarua, na pembeni kopo la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, uliowakausha na kuwasaga mwenyewe. Kumbe sikuzimwaga zote, hizi ulizificha. Ulikuwa mgonjwa tayari, Papa, na bado ulipanda ngazi za stoo kuja kuwalisha! Nilikukasirikia kwa kunyamaza. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo haijaisha.

Niliwaleta maabara, nikawalisha mpaka mwisho. Wa tope safi waliruka, chandarua kikajaa. Wa tope la Kavumu waliishi, ndiyo, wekundu vilevile, lakini wiki zikapita na wengi wakafia humo humo bila mabawa. Wachache walioruka walitaga mayai, na mayai hayakuanguliwa. Kwa siku kumi dawa haikuwaua. Ilikuwa inawangoja.

Nikapeleka habari kwa directeur. Akanitazama kwa huruma: "Muzee alishakufa. Ile rapport tuiache vile iko, usichafue jina yake."

Jina lako! Nilirudi maabara nikakaa sakafuni, chini ya koti lako. Nilitaka kuuliza nifanye nini, na mtu wa kumwuliza ni wewe. Nilikulilia kuliko siku ya mazishi.

Kisha nikaandika ripoti mpya. Nimesema aliyemwaga ni mimi, na aliyewatunza ni wewe. Nimeiweka mezani kwa directeur na sahihi yangu peke yake. Akinifukuza, anifukuze. Kesho napanda gari la Kavumu na bocal mbili mapajani, Maman Zawadi ajionee kwa macho yake, wasisuuze tena pampu pale. Atanikaripia, na ana haki.

Pumzika, Papa Déo. Nakuahidi, sitasema tena kiumbe ni mzima kwa sababu tu anajikunja.

Nilitaka kesho nivae koti lako. Ni refu, ningekunja mikono. Lakini watoto wa wale wa tope safi wameanza kuruka, na mmoja ametoroka chandarua akatua kwenye kola. Sijamfukuza. Nimekaa hapa peke yangu, nangoja aruke.

Mimi mutoto wako wa maabara,
Nsimire