Kaka, Usiwashe Moto Bado

Kambi ya Mkonge, Tanga

Kwa kaka yangu Athumani,

Shikamoo. Mimi mdogo wako ni mzima, isipokuwa vidole vilivyochomwa na miiba ya mkonge. Mama hajambo? Na shemeji, mguu umepona?

Tangu niisome barua yako situlii. Unasema shamba letu la Kipatimu limechoka, umeshafyeka mlima wa pili, na miti ikikauka utachoma na kuhamisha nyumba nzima. Kaka, Mama utamhamishaje? Haoni tena. Hapo anakwenda kisimani peke yake kwa kuwa miguu yake inaijua njia. Kule atakuwa mtu wa kushikwa mkono mpaka chooni, na mama yetu unamjua, hasira itamuua kabla ya ugonjwa.

Nisikilize. Jumapili napanda milimani kumlimia mama mmoja Msambaa, ananilipa ndizi. Analima shamba lile lile alilolima mama mkwe wake. Siku ya kwanza nilichimba matuta ya kushuka na mteremko, nikiogopa maji yatatuama yaozeshe mbegu. Akacheka mpaka akakaa chini.

“Mgeni, maji umeyachongea barabara!”

Mvua ikaja, udongo wote ukaenda bondeni. Nikaona haya, nikaanza upya kama alivyonionyesha: matuta yakingame mlimani, majani yaachwe kingoni yashike udongo, samadi ifukiwe humo, kunde katikati ya mahindi. Sasa mahindi yamenipita kichwa.

Najua utasema matuta ni mambo ya bwana shamba. Nimewaona watu huku wakichimbishwa kwa amri, wanachimba wamenuna, nami ningenuna. Mimi sikuamrishi, nakuomba. Jaribu nusu ya shamba la zamani, msimu mmoja tu. Mkataba wangu unaisha mvua zikianza. Nikikuta hamna kitu, huo mlima nitauchoma mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mjomba wetu seremala, na dada aliyeolewa Tingi. Mwambie kanga yake nimeshainunua.

Kaka, siku hizi hata moshi wa jikoni hapa kambini ukiniingia jichoni, roho inaruka. Sijui barua hii itakukuta siku gani. Kama umeshachoma, sitagomba. Ila siku ya kuhama mshike Mama mkono wewe mwenyewe, na usimwambie kwamba niliandika kukuzuia.

Mdogo wako,
Bakari