Muhtasari Uliomponza Garrett

Barabara ya Kiwandani 14,
Tolliver Mill.
9 Juni

Mpendwa Dada Verlene,

Hujambo huko kwenye baridi yenu ya Alaska? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kujifanya huumwi? Sisi tu wazima, ila goti langu linanisumbua, na joto limeanza kututoa jasho kabla hata ya kahawa ya asubuhi.

Mume wangu Coy ameng'oa miche yote ya nyanya akidhani ni magugu. Usiniulize. Nimemnunia siku mbili.

Hii ni mara ya tatu naanza barua hii, dada. Nakaa, nasimama, nafunga dirisha, nalifungua tena. Kuna jambo la mwanao Garrett, na najua hajakwambia neno.

Jimbo letu limetunga sheria mpya. Mji unaowakingia kifua watu wasio na vibali unaweza kushtakiwa, na raia yeyote anaruhusiwa kufungua kesi. Na asiye na kibali hapewi leseni ya gari. Sasa Garrett, tangu awe mkuu wa polisi, akimkuta mtu anaendesha bila leseni humwandikia faini na kumwambia, "Pigia ndugu yako aje achukue gari." Basi. Hampeleki jela ya wilaya, maana huko ndiko watu wa uhamiaji wanakowangoja. Tulidhani jambo hilo halijaandikwa popote.

Royce Hatcher, yule mwenye duka la matairi, akaushtaki mji wetu. Wakili wake akaomba mihtasari ya vikao vyote vya baraza la mji. Nawe unanijua mimi karani wao na kalamu yangu! Makarani wengine huandika "kikao kilifungwa" wakaenda zao. Mimi naandika mpaka nani alileta keki. Nikapekua, nikaukuta ukurasa wa miaka sita iliyopita: "Baraza linampongeza Mkuu wa Polisi kwa kutompeleka jela hata mtu mmoja kwa kukosa leseni, na linamtaka aendelee hivyo."

Mwandiko wangu, dada. Madiwani walikuwa wakipiga soga tu wakivaa makoti. Nilijaa fahari kwa mtoto wetu, nikayatia maneno yao kwenye muhtasari. Ole wangu!

Meya akaja kuegemea meza yangu. "Maybeth, makaratasi ya zamani si huliwa na panya?"

"Panya wa ofisi hii nimewaua mwenyewe," nikamjibu. Akacheka, lakini hakuondoka upesi.

Nikamwendea Garrett, nikitaka aniambie niutoe au niufiche. "Usiniambie utafanya nini, mama mdogo," akasema. "Nikiapishwa kortini sitaki kudanganya." Kisha akaongeza, "Ila ujue Ofelia anaendesha kila siku."

Ofelia ni jirani yangu, anakata kuku kiwandani. Ndiye aliyenipikia na kuniosha nilipopasuliwa goti. Hana leseni wala kibali. Siku hiyo nzima nilizunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumatatu nikampa wakili wa Royce kila ukurasa. Miaka ishirini na minane nimekuwa nikitia sahihi kwamba nilichoandika ndicho kilichotokea. Nilishindwa kufanya vinginevyo. Usinisifu wala usinitukane. Yote mawili nimeshajifanyia mwenyewe.

Alhamisi baraza likamvua Garrett cheo ili mji usalimike na kesi. Mkuu mpya ameagizwa: asiye na leseni, moja kwa moja jela.

Sasa kila asubuhi mwanao anampeleka Ofelia kiwandani kwa gari lake mwenyewe. Wanapita mbele ya ofisi yangu. Ofelia hunipungia mkono. Garrett hutazama barabara.

Nisalimie shemeji Arvid, na Tessa, na yule mtukutu Knox. Coy anakusalimu, na anasema nyanya zilikuwa mbaya hata hivyo. Mungu akutunze kifua hicho na akupe usingizi mwema, maana mimi wangu umenihama.

Dada, mpigie mwanao. Muulize kama anakula. Mimi nikipiga hapokei.

Nakupenda, hata kama utanikasirikia,
Mdogo wako,
Maybeth