Hesabu Moja kwa Mitaa Yote

Jumatatu, 3 Machi 1997
Kazi ni ile ile. Mimi na Wanjala, ofisi ya Kawangware, kila mtu na kompyuta yake. Tunatoa majedwali ya uzito wa watoto: Lindi, Kambi Muru, Kawangware, na mitaa mingine. Tunachukua programu ya Lindi, tunainakili, tunabadilisha jina la mtaa. Tunainakili tena. Macho yanawasha. Jioni Wanjala amenisindikiza hadi stage ya matatu. Anataka Aprili twende Kitui kwa mama yangu, aje na wazee wake kuniposa. Nimefurahi mpaka naona aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Siku mbaya. Wanjala alisahau kubadilisha jina mahali pamoja. Jedwali la Kambi Muru likatoka na watoto wa Lindi. Bosi alimfokea mbele ya kila mtu, hata mama wa chai. Wanjala alitazama viatu vyake tu. Nilitaka kulia.

Jumanne, 11 Machi
Nimekuwa nikisoma kile kitabu cha mwongozo kilichokuja na kompyuta. Kumbe hakuna haja ya kunakili! Unaandika hesabu mara moja, unaipa jina. Ukitaka mtaa fulani, unaiita hiyo hesabu na kuitajia mtaa. Ukikosea, unarekebisha pahali pamoja.

Leo imekubali. Mitaa yote, majedwali safi, kabla ya chai. Wanjala alicheka, akaninyanyua juu. "Mutheu, wewe ni kichwa!" Hakuna atakayemfokea tena.

Ijumaa, 14 Machi
Bosi ameiona. Akanisifu. Halafu akafunga mlango, akauliza kama sasa mtu mmoja anatosha. Nikasema kuingiza data bado ni kazi kubwa. "Sijauliza hiyo," akasema.

Jioni Wanjala akaitwa. Akatoka na koti mkononi.

Nilimkimbilia hadi barabarani. Nikamwambia niliandika ile hesabu kwa ajili yake.

"Najua."

"Basi Aprili bado tunaenda?"

"Nikifika kwa mama yako nitasema nafanya kazi gani?"

Akavuka barabara. Sikumfuata.

Jumatano, 19 Machi
Asubuhi nimemwomba bosi amrudishe, hata nusu siku. Amekataa. Baada ya kazi nimeenda kwa Wanjala. Kufuli mpya. Mwenye nyumba anasema alifunga virago Jumapili, amerudi kwao Bungoma.

Hajaniaga.

Nimemchukia bosi. Nimemchukia Wanjala pia, kidogo. Nilifikiria kuifuta ile hesabu. Ingenisaidia nini? Hawangemwita.

Ijumaa
Sina la kuandika. Majedwali yametoka sawa.

Jumapili, 23 Machi
Mvua imekatika. Nimefua. Mama Atieno wa chumba cha pili alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa kamba. Akauliza mbona haoni yule kijana wangu mrefu.

"Ameenda kwao."

"Atarudi lini?"

Nikachukua shuka, nikaanza kulikamua. Maji yakaisha. Nikaendelea kukamua. Mama Atieno akashika upande mwingine, tukalitandaza kwenye kamba pamoja, hakuuliza tena.