Nilikwanyua Maua ya Mwembe, Jirani Akaitwa Hasidi

Bi Ashura mshauri wetu, shikamoo.

Kwanza namshukuru Mungu maana mwembe wetu hapa Ikwiriri umezaa madodo mpaka matawi tumeyaegemezea miti yasivunjike, lakini naomba unisaidie kwa sababu furaha hii inanisuta. Nilipoolewa mwaka tisini na tatu, mume wangu Ismaily, anayeuza mitumba kwenye foleni ya pantoni pale Ndundu, alimletea mama yake mche huu wa kubebesha, ule unaounganishwa ili uzae mapema, na mama mkwe akaupenda kuliko kitu chochote uani. Bwana shamba alipopita alinikuta peke yangu, akaniambia ukitoa maua upesi niyakwanyue misimu miwili ya mwanzo ili mti upate nguvu. Nikamdokeza mama mkwe, akasema, "Weee! Anayekwanyua maua anakata uzazi wa nyumba." Mimi mwali mgeni, hata mimba sijashika, ningesema nini? Nikawa nayakwanyua kimyakimya alfajiri nikienda kuteka maji, nayafunga kwenye khanga naenda kuyatupa.

Mama mkwe akaona maua yanatoweka, akasema hii ni husuda, na hasidi akampata, Bi Mwanahawa, jirani yetu mjane anayefagia uwanja wake kila alfajiri upande wa pili wa ua wa makuti usiozidi kifua, eti kwa kuwa siku moja aliusifia mti bila kusema mashaallah. Akatundika chungu kibovu kwenye tawi, mdomo ukimwelekea jirani, na salamu zikakatika. Bi Ashura, jirani huyohuyo nilipojifungua aliniletea uji wa pilipili manga kila siku, akiupitisha juu ya ua kwa sababu mlangoni kwetu haruhusiwi, nami nikanywa na kunyamaza.

Mwaka huu, msimu wa tatu, maua niliyaacha. Nyumba nzima tukahamia dunguni bondeni kulinda mahindi ya mlao, yale yanayopandwa mafuriko yakipungua, nguruwe wasiyamalize, na jua likakaza nikajua mti utapukutisha vitoto vyote vya maembe. Tuliporudi nikakuta udongo chini ya mti umelowa, na asubuhi yake nikamwona Bi Mwanahawa kavuka ua na ndoo ya maji aliyooshea mchele. Nikamwambia, "Bibi, unaumwagilia mti uliokuharibia jina?" Akacheka. "Mti haujanikosea kitu, mjukuu wangu. Ingia ndani, mkweo asikuone."

Sasa Ijumaa ni dua ya shukrani, maembe ya kwanza yataliwa, mtaa mzima umealikwa isipokuwa yeye. Nikisema ukweli naogopa kurudishwa kwetu Mbwara, na nikinyamaza, maembe hayo nitayamezaje?

Salima, Ikwiriri

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto na kwa maembe. Kumsikiliza bwana shamba si kosa, ulifanya vizuri. Kosa lako ni kimya. Mficha uchi hazai, na wewe kwa bahati umezaa, basi sasa sema!

Halafu nikuulize. Ua hauzidi kifua, mama wa watu anafagia kila alfajiri, na wewe unadhani hakukuona? Alikuona, Salima. Misimu miwili alikuona na khanga yako ya maua, na neno moja tu lingemsafisha. Hakulisema, maana alijua lingekurudisha Mbwara. Kakubali kuitwa hasidi ili wewe ukae kwenye ndoa yako. Nimesoma barua yako machozi yakanitoka, nikamshukuru mtu nisiyemjua, na wewe unayeishi naye ua kwa ua unaniuliza utamezaje embe?

Usingoje Ijumaa. Mwambie Ismaily leo, maana mche kauleta yeye, akamwite bwana shamba aje amweleze mama yake habari ya maua. Bwana shamba akimaliza, wewe piga magoti useme, "Mama, mikono iliyokwanyua ni hii." Atafoka. Mwache afoke, usimjibu. Akitulia, akishushe chungu kwa mkono wake mwenyewe, kisha aende kwa jirani kuomba radhi, nawe umfuate nyuma. Na mti usiusahau, kiangazi maji yamwage kivuli kinapoishia, si kwenye shina.

Ila Bi Mwanahawa usimpitishie embe juu ya ua. Uji aliupitisha huko kwa kuwa mlango mlimfungia. Ijumaa aingie mlangoni, akae mkeka mmoja na mama mkwe wako, na asile mtu mpaka yeye ameanza.