Mume Wangu Alimwambia Daktari Hana Ndugu

...na ndiyo maana ile barua yangu ya kwanza, mpendwa mshauri, ile niliyokuandikia ndoa ikiwa na wiki tatu, nikijisifu kwamba nikimwita mume wangu hageuzi jicho tu kama wanaume wengine bali anageuza uso mzima, kichwa na mabega, ananitazama kama vile ndiyo kwanza ananiona, nikiikumbuka sasa natamani kulia, kwa sababu nimejua kwa nini anageuza uso mzima. Pembeni haoni.

Nisaidie, mshauri, sina mwingine wa kumweleza. Mume wangu ni fundi cherehani, ana miaka arobaini na minne, na wateja wamembandika jina la Fundi Mara Moja kwa sababu uzi anautunga kwenye sindano mara moja tu, hajawahi kurudia, nami nilimpendea mikono ile, tangu siku aliyonipima gauni nikasahau hata rangi niliyokuja kuitaka. Mpaka leo nampenda mpaka naona aibu. Ananiita "bibi harusi" mbele ya wateja, na tukitembea barabarani lazima anishike mkono na mimi nikae kushoto kwake, nikadhani ni mapenzi, na mapenzi yamo, sitaki mtu aniambie hayamo, lakini kushoto ndiko kulikoharibika zaidi, na mimi nilikuwa ukuta wake bila kujua.

Mwezi uliopita alipiga kiwiko pasi ya moto iliyokuwa mezani ubavuni kwake, ikamwangukia mguuni, na aliapa kwamba haikuwepo pale. Nikamburuta hospitali. Wakamweka mbele ya mashine, wakampa kitufe cha kubonyeza kila akiona nukta ya mwanga, nami nilikaa nyuma yake nasikiliza kile kitufe, mshauri, na kulikuwa na muda mrefu, mrefu sana, ambao sikusikia kitu.

Daktari akasema ni glakoma, ile wanayoiita presha ya macho, na kwamba sehemu iliyokufa hairudi. Kisha akaanza maswali.

"Baba yako anaona?"

"Haoni, daktari, tangu akiwa na miaka hamsini. Lakini yeye aliharibiwa na kushona nguo nyeusi."

Daktari akatikisa kichwa, akaandika. "Na ndugu zako wa tumbo moja? Nao lazima wapimwe."

"Sina ndugu," mume wangu akasema. "Nimezaliwa peke yangu."

Mshauri, saa ile ile dada yake alikuwa katika chumba chetu cha ushonaji anakata suruali! Dada yake, baba mmoja mama mmoja, ana miaka arobaini na moja. Nami nilikaa pale na mkoba mapajani, nikanyamaza.

Njiani nikamuuliza kwa nini. Akasimama, akanigeukia uso mzima.

"Bibi harusi, watu wakisikia fundi haoni na mkataji wake haoni, nani ataleta kitambaa kwetu? Baba aliposemwa, wateja waliisha ndani ya mwezi mmoja. Dada hana mume, ana watoto watatu, anakula kwa mkasi ule. Mwache afanye kazi yake. Niapie."

Nikaapa. Hapo hapo barabarani, kwa jina la Mungu.

Na wifi huyu ndiye aliyenipokea kwa mikono miwili, ananitania kutwa, "Wewe umeolewa na kaka yangu au umemkodi, mbona humwachi hata dakika?" Sasa namwona anavyogonga kona ya meza. Naona mkasi wake ukipita nje ya mstari wa chaki. Juzi Jumanne alisimama katikati ya chumba akasema, "Kaka, mbona kama huu mlango umesogea?" Mume wangu akacheka, akampa sindano na uzi, maana ndivyo wanavyopimana macho katika ukoo huu tangu enzi za babu yao. "Haya, tunga." Wifi akatunga. Mara moja.

"Macho ya mtoto mchanga hayo! Rudi kazini."

Mafundi wenzao wakapiga makofi. Mama mkwe akasema asipewe nyeusi tu, basi, atakuwa salama. Ni mimi peke yangu niliyeona mume wangu akiipokea ile sindano bila kumtazama dada yake usoni.

Nimeapa, mshauri, na nimeanza kumchukia kidogo mtu ninayempenda kuliko nafsi yangu, na silali, na wifi bado anaimba akikata. Nifanye nini?

Mimi, Bibi Harusi wa chumba cha cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Bibi harusi, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimeifunga kwa uzito. Sasa futa machozi, maana nina maneno machache na si yote matamu.

Kwanza, ile sindano. Sindano inapima katikati ya jicho tu, na ugonjwa huu huanza kwa kula pembeni, taratibu, bila maumivu. Katikati huiacha mpaka mwisho. Mumeo anatunga uzi mara moja na bado pasi imemwangukia. Kwa hiyo makofi yale mafundi waliyompigia wifi yako yalikuwa ya bure kabisa, na mumeo anajua, ndiyo maana hakumtazama dada yake usoni.

Nguo nyeusi haina kosa lolote. Daktari aliuliza maswali yale kwa sababu ugonjwa huu una watu unaowapenda: waliovuka arobaini, wenye mzazi au ndugu aliye nao, na sisi watu weusi, ambao hutujia mapema na kutushika vibaya kuliko wengine wengi. Ongeza na mahali tunapoishi. Mashine ile uliyoisikia kimya chake haipo kila mji, kwa hiyo wengi wetu hugundua wakiwa wameshaanza kujigonga milangoni. Sasa mhesabu wifi yako. Umri upo, baba yupo, kaka yupo, na mlango umeshasogea. Unataka ushahidi gani tena?

Nawe usinipambie mapenzi. Ulikaa na mkoba mapajani ukanyamaza. Mumeo alidanganya kwa hofu, na hofu hiyo naielewa, alimwona baba yake akikimbiwa. Lakini kiapo cha kumficha mtu jicho lake mwenyewe si kiapo, na Mungu uliyemtaja hakukutuma. Mumeo anasema dada anakula kwa mkasi. Atakula kwa nini akiwa kipofu?

Sitakudanganya kwamba mambo yatakuwa kama zamani. Alichopoteza mumeo amekipoteza, na dada yake huenda naye ameshapoteza chake. Dawa ya matone inalinda kilichobaki tu, na hailindi ikitiwa leo ikaachwa kesho. Mumeo mtilie wewe mwenyewe, kila siku, saa ile ile aliyoambiwa na daktari. Na tone la dukani lisilo na cheti cha daktari lisiingie katika nyumba ile, mengine yanaongeza presha hiyo hiyo.

Leo, kabla hamjafungua kazi, mwambie mumeo hivi: "Jumamosi namwambia dada. Ningependa tukae wote wawili." Usimwombe ruhusa, unampa nafasi. Akikataa, kaa na wifi peke yako, mweleze yote, mpaka yale mumeo aliyomwambia daktari, kisha mfuatane kliniki Jumatatu asubuhi. Umfikishe kwa daktari yule yule, umwambie, "Ndugu yupo, ni huyu." Atakasirika mumeo. Atakununia wiki nzima. Utavumilia.

Anwani yenu umeiandika nyuma ya bahasha, na mimi nitafika kabla mwezi huu haujaisha. Sitakuja kwa mumeo, nitakuja kwa wifi yako, na kama atakuwa bado hajaambiwa, nitamwambia mimi, pale pale mezani, mkasi ukiwa mkononi mwake.