Jozi ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Juni
Ijumaa tunakwenda ziara ya shamba! Mwalimu wa kilimo anasema huko hawatii dawa hata tone, na nyuma yake kuna msitu ambao haujaguswa. Sharti moja: kila mtu awe na mwenzake. Kupanda basi wawili, kushuka wawili. Sawa. Wangu nani sasa? Tangu nihamie kwa shangazi bado naitwa Mgeni. Mgeni muhula mzima!

Jumatano, 5 Juni
Nimepiga moyo konde nikamwomba jirani yangu wa dawati. Pole, ameshaahidiana na mtu. Nikamwendea yule mwenye mwanya — hivyo hivyo. Darasa letu ni idadi witiri, lazima abaki mmoja. Mwalimu akasema basi nitakuwa jozi yake yeye. Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, shingo upande. Shangazi kauliza habari za shule. Nzuri, nikasema.

Ijumaa, 7 Juni
Kiti cha mbele — mimi na mkoba wa mwalimu. Mwenyewe kasimama njia nzima akiwakaripia wa nyuma.

Ijumaa hiyo hiyo, jioni
Niko bado shambani. Barazani kwa mama mwenye shamba. Basi limeondoka!

Ilikuwa hivi. Mama alituonyesha mboji: biwi la majani, samadi na majivu, na kijiti kirefu kimechomekwa katikati. Ukikichomoa kina moto, biwi linafanya kazi. Kikiwa baridi, limelala, ulipindue. Wenzangu wakakishika, wakapiga kelele, wakakimbilia msituni kutazama nyani. Mimi nikabaki nikipindua biwi lililolala, mpaka jasho. Mama akaniita mwanangu. Nilifurahi jamani, acha tu.

Nikaenda kunawa nyuma ya banda. Nikamsikia mwalimu: kila mtu ana mwenzake? Ndiyooo! Hakuna aliyekosa mwenzake. Wangu ndiye aliyekuwa akiuliza.

Nilikimbia. Nikakuta vumbi.

Mama kashika kiuno. Ziara aliipanga mumewe, naye yuko sokoni, simu yake haipatikani. Akanipa maji, akasema usijali, watagundua sasa hivi. Namba ya mwalimu unayo kichwani?

Ninayo. Imeandikwa ubaoni wiki nzima. Nikasema sina.

Nataka tu kujua watafika wapi kabla mtu hajatazama kile kiti. Mtu yeyote. Hata yule mwenye mwanya. Mwanzoni niliona ni mchezo. Sasa kuku wanaingia bandani, shangazi atakuwa ameshaanza kuchungulia dirishani, na barabara kimya.

Gari! Nimekimbia mpaka getini.

Lori la maziwa.

Nimerudi kukaa. Mama amesogeza kigoda karibu, simu mkononi, ananiuliza tena, taratibu, kama kweli siikumbuki. Sifuri, saba… nimeanza kumtajia.